Jibu la Zamani

Wechuli alipopiga simu Jumamosi hiyo hakusalimu, na Wechuli ni mtu wa salamu ndefu, mtu wa kukuuliza hali ya mama, ya kuku na ya mvua kabla hajaifikia shida yake. Safari hii alisema tu kwamba samaki wake wanakufa. Jentrix Naswa alikuwa ofisini, ghorofani juu ya duka la vyuma pale Kondele, na chai aliyomimina ilikuwa bado ya moto.

Wechuli alifuga samaki aina ya ngege ndani ya vizimba vya wavu ziwani, kusini mwa mji. Kuna siku ambazo ziwa hugeuka: upepo unavuruga, maji ya chini yasiyo na hewa yanapanda juu, na samaki waliofungiwa ndani ya wavu hawana pa kukimbilia. Kwa ajili ya siku kama hizo kampuni ya Jentrix ilikuwa imewauzia wafugaji kisanduku cheupe cha kufungwa juu ya kizimba. Kisanduku hupima hewa iliyomo majini, hutuma kipimo kwenye kompyuta ya kampuni, na kompyuta ikirudisha jibu kwamba mambo ni shwari, taa huwaka kijani. Mambo yakiharibika, taa huwa nyekundu, na mfugaji huvuta vizimba vyake mpaka penye maji mazuri. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, na watu waliipenda kwa sababu hiyo.

"Hiyo boksi yako ilikuwa kijani mpaka samaki wa mwisho akageuza tumbo," Wechuli alisema. "Nikakasirika nikang'oa waya. Nilipoirudisha ndio ikawa nyekundu. Sasa inaniambia nini ambacho sijui?"

Jentrix alivuta kompyuta yake. Alifungua ukurasa wa vipimo, na kwa mara ya kwanza akauangalia vizuri badala ya kuutupia jicho. Kisanduku cha Wechuli kilikuwa kimeleta kipimo muda huohuo, kibaya sana. Vingine vyote vya ufuoni vilikuwa vinaonyesha vipimo vya Alhamisi, vizuri, vya kijani, kana kwamba tangu Alhamisi ziwa lilikuwa limesimama likingoja kupigwa picha. Ukurasa haukulalamika. Hakuna aliyeufundisha kulalamikia ukimya, na asiyefundishwa hukaa kimya kama mkwe mpya.

Alhamisi ndiyo siku yeye na tajiri wake, Zuhair, walipohamisha kazi zote kwenye kompyuta mpya. Hapo akajua kosa liko wapi kabla hajalitafuta.

Kompyuta hazijuani kwa majina. Zinajuana kwa namba, na inayojua jina tu lazima kwanza iulize kwenye seva ya majina: fulani anakaa namba gani? Seva hujibu, na kila jibu huja na umri wake. Litumie kwa muda huu, kisha rudi uulize tena, maana watu huhama. Zipo maktaba za programu, mafungu ya maagizo ya kompyuta yaliyo tayari, zilizotungwa na watu wenye subira kwa ajili ya maswali hayo. Zinauliza, zinangoja, zinauliza tena. Jentrix alizijaribu mwanzoni. Lakini ufuoni netiweki huja na kuondoka kama mgeni asiyeaga, na kila ilipoondoka zile maktaba zilikaa zinauliza na kuuliza mpaka betri zikakaribia kuisha, taa zikawa nyekundu, na akina mama wakakimbilia ziwani bure na leso viunoni. Wakamjia juu, na walikuwa na haki. Basi akaketi akaandika maktaba yake mwenyewe, ndogo, ya watu wa ziwa: uliza mara moja, shika jibu, na maadamu kuna anayeitika kwenye namba ile, usimsumbue mtu tena. Umri wa jibu akautupa. Alijivunia kazi ile kuliko kazi zote alizowahi kufanya, na Zuhair aliisifu mbele ya wageni.

Sasa namba ilikuwa imebadilika. Seva ya majina ilijua, ilikuwa imeambiwa Alhamisi ileile. Ila hakuna kisanduku hata kimoja kilichorudi kuiuliza. Cha Wechuli kiliuliza kwa sababu kiling'olewa waya kikasahau kila kitu.

Lakini ile namba ya zamani ilikuwa ya nani siku hizi, mpaka iendelee kuitika? Jentrix aliiandika kwenye simu yake akabonyeza. Ukafunguka ukurasa wa duka la viatu, viatu vya kike, vyekundu na vyeusi, na maandishi ya kumkaribisha. Wenye mitambo ya Nairobi, waliokuwa wamewakodishia kompyuta ya zamani, walikuwa wamempa mteja mwingine namba ile, na kompyuta ya duka ilikuwa ya adabu, ilimjibu kila aliyebisha hodi kwamba amepokelewa. Visanduku vilikuwa vikipeleka pumzi za samaki kwenye duka la viatu, duka likisema sawa, na taa zikiwaka kijani.

Alimwita Zuhair akamweleza kwa maneno machache. Zuhair hakumlaumu, pengine kwa sababu hakukuwa na nafasi. Aligawa kazi: yeye angepigia vikundi vyote vya ufuoni awaambie wang'oe waya, Jentrix aangalie upepo. Upepo ulikuwa ukitoka kusini. Maji yaliyowaua samaki wa Wechuli yalikuwa yakisukumwa kaskazini, na kituo cha kwanza yatakachokikuta ghubani ni Olando.

Jentrix alipiga simu ya Adero, kiongozi wa kikundi cha wanawake wafugaji wa Olando. Imezimwa. Akapiga za wanawake wengine wa kikundi, moja baada ya nyingine, zote zimezimwa, na ya mwisho ndiyo iliyomkumbusha. Walikuwa wakimzika Adongo leo, mwenzao aliyeanzisha kikundi pamoja na Adero. Jentrix mwenyewe alikuwa amealikwa. Alikuwa ameahidi kufika.

Hapa lazima isemwe Olando kuna nini, maana mtu wa mbali anaweza kudhani tunalia kwa ajili ya kitoweo. Kabla ya vizimba, wanawake wa Olando waliishi kwa kungoja mashua zirudi ili wanunue samaki wa kwenda kuuza, na mvuvi mwenye samaki ndiye aliyechagua amuuzie nani, na kwa bei gani, na bei nyingine hazikuwa za kutajwa mbele ya watoto. Vizimba ndivyo vilivyowatoa pale. Mwaka uliopita ziwa liligeuka likawaua samaki wote, na waume wakacheka, na wavuvi wakakaribisha wateja wao wa zamani. Adero aliwaomba wanawake wajaribu mara moja tu zaidi. Alipoona wanasita aliwaambia kwamba sasa kuna kisanduku. Wiki iliyokuwa inakuja walikuwa wavune. Wakiwapoteza samaki hawa, hakuna mwanamke hata mmoja ambaye angejaribu mara ya tatu, na kila mtu alijua watarudi wapi.

Aliyepokea simu Olando alikuwa Opondo, mlinzi. Jentrix alimwambia maji yamegeuka, atafute watu wavute vizimba haraka. Opondo alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Madam, taa iko kijani," alisema.

"Achana na taa, Mzee."

"Wewe ndio ulituambia tuangalie taa. Ulisema mtu asiguse vizimba kama taa haijasema. Ulirudia mara nyingi sana hiyo siku."

Na ni kweli alirudia. Siku ya mafunzo Opondo alikuwa na tabia ya kunusa maji na kuona mabalaa kila asubuhi, na Jentrix alikuwa amemkomesha mbele ya watu wote, kwa utani, lakini alimkomesha. Sasa mzee alikuwa ameshika dini mpya kwa mikono miwili. Jentrix akamwambia basi ang'oe waya. Opondo akamkumbusha kwamba kisanduku kimefungiwa ndani ya chuma kwa sababu ya wezi, kufuli iko juu, na ufunguo uko kwa Adero, na Adero yuko mazishini, kilimani.

Jentrix alishuka ngazi mbio, akapanda bodaboda ya kwanza aliyoiona, na njia nzima mpaka Otonglo na kushuka ziwani alikuwa akipiga zile simu, na bado zilikuwa zimezimwa. Alikuwa na hofu ya kweli. Wale wanawake hawakuamini kampuni. Walimwamini yeye, msichana wa Mama Naswa wa Kondele aliyekula nao omena na kusema taa haidanganyi.

Ufuo wa Olando ulikuwa mtupu. Mashua zilikuwa zimevutwa mchangani, mashini zikiwa zimefunikwa, na kutoka kilimani zilisikika nyimbo za mazishi zikipanda na kushuka. Opondo alikuwa ameketi kwenye kiti chake, uso kwenye taa. Vizimba vilielea karibu na ufuo, vinne, na juu ya kile cha karibu taa iliwaka kijani kizuri kabisa. Chini yake maji yote yalikuwa yakichemka kwa midomo. Samaki walikuwa wamepanda juu, mamia kwa mamia, wakipapatika na kufungua vinywa hewani.

"Wanacheza," Opondo alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Wanakufa, Mzee. Hiyo taa inadanganya. Mimi ndiye niliyeiandika, na nakuambia inadanganya."

Opondo alimtazama yeye, akatazama taa, akatazama maji, na mtu angemhurumia, kwa maana alikuwa ametumikia mabwana wawili kwa mwaka mmoja, Jentrix na taa, na wote wawili walikuwa wamemtupa. Kisha akasimama. Kuvuta vizimba kulihitaji mashua na wanaume wa kutosha; vingepelekwa nje ya ghuba, nyuma ya mwamba, penye kina na mawimbi. Mashua ya kikundi alikuwa nayo Okinyi, mtoto wa pekee wa Adero, aliyevuka asubuhi kwenda kuchukua chakula cha samaki na hakuwa amerudi. Wanaume wengine wote walikuwa kilimani na majembe, na kaburi lilikuwa linafunikwa sasa hivi.

Jentrix alimsihi Opondo apande awaite. Opondo alikataa, na hakukataa kwa uvivu. Nani angemsikiliza? Angeingia katikati ya mazishi, amwambie padri asimame, amwambie mume wa Adongo kwamba samaki wana shida? Wangesema amelewa. Wangemketisha nyuma mpaka maombi yaishe, na baada ya maombi kuna hotuba, na baada ya hotuba kuna chakula. Watu wa pale hawaachi kaburi wazi kwa ajili ya kitu kinacholiwa.

Kitu kimoja tu kingewatoa. Kwenye nguzo ya banda la samaki palining'inia rimu ya gurudumu la lori, na kando yake nondo ya kuigongea. Olando nzima ilijua sauti yake. Iligongwa mtu anapozama, na haikuwahi kugongwa kwa sababu nyingine, si moto, si wezi, wala si harusi. Ikilia, hata mgonjwa huamka.

Opondo aliona macho ya Jentrix yameelekea wapi. "Hapana," akasema polepole. "Okinyi yuko majini. Mama yake yuko hapo juu. Ukigonga hiyo, unajua atasikia nini."

Jentrix alijua. Alisimama mbele ya ile nguzo na akajua barabara kwamba anataka kutoa jibu la uongo kwa watu watakaoliamini, na kwamba hiyo ndiyo kazi aliyokuwa ameifanya tangu Alhamisi bila kujua. Tofauti ni kwamba sasa alijua. Nyuma yake samaki wa kwanza alielea tumbo juu, kisha wa pili, kisha Jentrix akaacha kuwatazama. Akachukua nondo akagonga.

Nyimbo zilikatika katikati ya neno. Aligonga mpaka mikono ikafa ganzi, na alipogeuka kilima kizima kilikuwa kikishuka, wanaume wenye udongo magotini, wanawake wakipiga yowe, padri amekunja kanzu yake. Mbele ya wote alikuwa Adero, kiatu mguu mmoja, kitambaa cha kichwa kimeanguka, na hakuwa akilia. Alikuwa amefungua mdomo bila sauti kutoka, na Jentrix akatamani ardhi impokee.

"Ni Okinyi?" Adero aliuliza.

"Hapana, Mama. Hakuna mtu aliyezama. Ni samaki."

Mwanamume mmoja akatema mate akamwita Jentrix mwendawazimu kwa Kijaluo, mwingine akasema apigwe, na kadhaa wakageuka kurudi kilimani. Jentrix hakujitetea. Alisema mbele yao wote kwamba kisanduku kimeharibika, kwamba aliyekiharibu ni yeye, kwamba bila mashua na mikono yao samaki wote watakuwa wamekufa kabla ya chakula cha mazishi kuiva. Alisema pia kwamba yeye ndiye aliyegonga, Opondo alimkataza. Huenda wangeondoka tu. Lakini Adero alikuwa amepita na kuingia majini mpaka magotini, akaona ile midomo, na alipogeuka alikuwa amepata sauti.

Aliwataja kwa majina, mmoja mmoja. Wewe mashini, wewe kamba, wewe na mwanao kata nanga, usifungue, kata. Kwa mwanamume aliyesema mazishi hayajaisha alijibu kwamba Adongo ndiye aliyeshona nyavu hizi, na aende amuulize kama anataka zioze. Mashua zikasukumwa majini. Kizimba cha karibu na ufuo kilikuwa kimekwisha, samaki weupe wamejaa juu yake kama nguo zilizoanikwa, wakakiacha. Vitatu vikafungwa kamba vikaanza kusogea, polepole mno, kwa sababu ukivuta kwa nguvu wavu unawabana samaki wakafa kwa kukanyagana. Opondo alikuwa juu ya mapipa ya kuelea ya kizimba cha kwanza, amelala kifudifudi, pua karibu na maji, akipaza sauti kila harufu ilipobadilika. Wanawake walisimama ufuoni wakiwa wameshikana mikono. Jentrix alisimama mbali nao kidogo, na hakuna aliyemwambia asogee.

Walipokuwa wanakaribia mwamba, mashua ya Okinyi ilitokea upande wa pili, imejaa magunia. Kijana alishangaa kuona kijiji kizima majini na nguo za mazishi. Aligeuza, akatupiwa kamba, mashini yake ikaongeza nguvu, na vizimba vikapita mwamba vikaingia kwenye mawimbi. Baada ya kitambo Opondo aliinuka akapiga makofi. Midomo ilikuwa imeshuka. Samaki walikuwa wamerudi chini.

Ufuoni wanawake walipiga vigelegele, na mmoja wao akakaa mchangani akalia kwa furaha bila kuficha. Jentrix pia alilia. Adero hakupiga kigelegele. Alikuwa akiitazama ile mashua yenye magunia, na hakubandua macho mpaka Okinyi alipoileta karibu kushusha mzigo. Akaingia majini na nguo zake zote, akamshika kijana usoni, masikioni, mabegani, kama mtu anayekagua gunia lililotoboka. Okinyi akacheka akamuuliza ana nini. Adero akamwambia ashushe chakula cha samaki arudi kuwasaidia wenzake kufunga nanga mpya.

Kisha akaja pale aliposimama Jentrix. Jentrix alianza kumweleza habari ya namba, na duka la viatu, na kwamba kesho asubuhi atabadilisha maktaba nzima iwe inauliza kila mara. Adero alimwacha aseme yote.

"Samaki nimewaona," akasema. "Kwa hao, ero kamano, asante. Nitasema hivyo hata mbele ya kikundi. Lakini kutoka juu mpaka hapa nilishamzika Okinyi, Jentrix. Nilishachagua mahali. Usiniambie ilikuwa samaki."

Jentrix alisema amesikia. Hakuomba msamaha, kwa sababu aliona kwamba akiomba, Adero atalazimika kutoa.

"Twende," Adero akasema.

Walipanda kilima, wanawake wote na Jentrix nyuma yao, kwa maana wanaume walikuwa bado ziwani na wangekuwa huko mpaka jua lishuke. Padri alikuwa amerudi peke yake. Mume wa Adongo alikuwa ameketi kwenye kiti kilekile walichomwachia, kofia mapajani, mbele ya kaburi lililofunikwa nusu, na majembe yalikuwa yametawanyika jinsi yalivyotupwa. Aliwauliza ni nani aliyezama. Adero akamgeukia Jentrix amjibu mwenyewe.

Jentrix alipiga magoti mbele ya mzee akamwambia ukweli, wote, bila kuupunguza. Mzee aliigeuzageuza kofia yake mapajani. Mwishowe aliuliza kama samaki wa mke wake wako hai, na Jentrix akasema kizimba kimoja kimekufa, vitatu viko hai. Mzee akatikisa kichwa, na haikujulikana amekubali au amekataa.

Pale si kazi ya wanawake kufukia kaburi. Adero aliokota jembe, akampa Jentrix la pili, na hakuna aliyewazuia.